Mbuzi Akifa Ghafla, Weka Kisu Chini

(Muziki wa kufungua, kisha unashushwa)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa na Nyabiheke! Leo nina neno na wewe unayefuga, hata kama mifugo yako ni mbuzi mmoja na kuku watatu.

Kipindi hiki ninakitayarisha Rwezamenyo, hapa Kigali, jirani na Nyamirambo. Jioni moshi wa mishikaki ya mbuzi unatawala barabara. Nyama ya buchani inatakiwa ipite kwa mkaguzi na kupigwa muhuri. Kambini mbuzi anakufa usiku, saa nne asubuhi yuko sufuriani. Simlaumu mtu, maana nyama hatuioni kila wiki. Lakini nisikilize.

Kuna ugonjwa unaitwa kimeta. Mnyama aliyekula majani vizuri jana anaanguka leo, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani. Ukimpasua, vijidudu vinapata hewa, vinajivika ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi. Aliyechinja anatokwa na kidonda cheusi mkononi, na aliyekula nyama anaweza kufa. Wakongo wenzangu mnakumbuka Aprili 2025, viboko wapatao 50 walipokufa Virunga. Vipimo vilionyesha kimeta.

Kwa macho tu huwezi kujua mnyama ameuawa na nini. Kazi hiyo ni ya maabara. Maabara ya taifa ya mifugo iko Rubirizi, wilaya ya Kicukiro, chini ya RAB. Usibebe mzoga kwenye pikipiki kuupeleka huko, hata kidogo! Mwite daktari wa mifugo wa sekta, yule tunayemwita veterineri, achukue sampuli mwenyewe. Kwa kimeta mnyama hapasuliwi: tone la damu ya sikio linapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Kwa mbwa mwenye kichaa kinachopimwa ni ubongo. (Hapo usisubiri majibu: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende kliniki siku hiyo hiyo.) Kuku wakifa kwa mfululizo, anayefaa kupimwa ni aliyekufa sasa hivi. Aliyeoza hasemi kitu, kwa hiyo simu ya siku ya tatu haimsaidii mtu.

Ninyi wa Mahama mko Kirehe, mashariki. Huko mashariki homa ya Bonde la Ufa ilizuka mwaka 2018, ikarudi 2022. Mvua ikizidi na mbu wakiongezeka, mbuzi na ng'ombe wanatupa mimba mmoja baada ya mwingine. Kitoto kilichotupwa usikishike kwa mikono mitupu, wala usimtupie mbwa. Kutupa mimba kunaletwa pia na bruselosi, na tofauti ya hizo mbili inaonekana kwenye vipimo vya maabara. Bruselosi inaingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi: homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma. Unameza dawa za malaria mara ya tatu, na malaria huna. Chemsha maziwa, na kliniki waambie kwamba unafuga.

Najua hofu yako: nikimwita veterineri, mbuzi wangu wote watachukuliwa. Kwa kimeta, aliyekufa anachomwa au anafukiwa chini sana, na wazima wanachanjwa. Bila jibu la maabara hakuna anayejua wachanjwe chanjo gani, na wiki ijayo anaweza kuanguka mwingine, wako au wa jirani.

Ukipiga simu, mwambie mambo haya: mnyama gani, alikufa saa ngapi, damu imetoka wapi, wangapi wengine wanaumwa, na nani amemgusa. Ukimsubiri, funika mzoga kwa matawi ya miiba au turubai, mbwa na watoto wasisogee.

(Muziki)