Mwendo wa Garsen na Bei ya Mafuta

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, inapotangaza bei mpya za mafuta, madereva wa Malindi, Garsen na Hola hutega sikio, hulalamika, kisha kesho yake hukimbia vilevile. Barabara ya Malindi hadi Garsen ni tambarare na imenyooka, inashawishi. Lakini ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 110, nguvu ya hewa inayolizuia gari hukaribia maradufu, na injini huilipia kwa mafuta. Sheria imeyawekea matatu na malori kikomo cha 80. Naona hata mwenye gari dogo angefaidika kukikaribia. Tena, mifugo huvuka barabara ikienda mtoni. Dereva unayeondoka Minjila, karibu na Garsen, sasa hivi, punguza mwendo.