Umepuliza Wapi, na Saa Ngapi?

Msikilizaji, nyua nyingi za Dar es Salaam zina mlimau ambao majani yake yameingia weusi kama masizi, na mwenye nyumba analaumu moshi wa jikoni. Moshi hauna kosa. Weusi ule ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu yanayotolewa na wadudu wafyonzaji: vidukari, inzi weupe, vidung'ata, wadudu gamba. Sisimizi wanaopanda shina wamefuata utamu huohuo, na wakishaufikia huwafukuza wadudu rafiki ambao wangewala hao wafyonzaji.

Hapo watu hukimbilia mafuta ya mwarobaini, kisha utasikia: nimepuliza, hayasaidii. Umepuliza wapi, na saa ngapi?

Mdudu hupumua kwa vitundu vya ubavuni. Mafuta yakiviziba, anakosa hewa, anakufa. Mwarobaini pia una azadiraktini, inayowazuia wachanga kujivua ngozi na kukua. Lakini mafuta yasiyomgusa mdudu yamepotea bure, na wengi wao wamejibanza chini ya jani. Basi geuza bomba, mdomo wake utazame juu, ufunue jani kwa jani. Inachosha, najua. Anayepuliza juu juu huku amesimama wima anaosha majani tu.

Kwa lita 1 ya maji, mililita 10 za mafuta zinatosha, yaani vijiko viwili vya chai. Tia sabuni kidogo ya maji, isiyo kali, ili mafuta yachanganyike, na uendelee kutikisa unapopuliza. La sivyo yataelea, na mti wa mwisho utapata mafuta matupu. Changanya ya kutumia siku hiyohiyo.

Mchana usiguse bomba. Mafuta na jua kali huunguza majani, na mti wenye kiu ndio huumia zaidi, kwa hiyo umwagilie kwanza. Ngoja jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Kama ulipuliza salfa hivi karibuni, acha wiki kadhaa zipite. Kisha rudia baada ya siku 7 hadi 10, maana mayai yaliyonusurika yatakuwa yameanguliwa.

Muuza pembejeo akikwambia chupa hiyohiyo itamaliza viwavi wa kantangaze kwenye nyanya, muulize mafuta yatamfikiaje kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya jani, au ndani ya tunda lenyewe. Huyo anahitaji mitego, na majani yaliyoshambuliwa yachumwe yakafukiwe.