Njia za Baiskeli na Matembezi: Fedha Zitoke Wapi?

Mada kwa wajumbe wa Kamati za Maendeleo za Kata

Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Watendaji wa Kata na Vijiji,

Karibu kila kata ina njia isiyoonekana katika ramani yoyote: ile ya pembezoni mwa barabara, ambapo mwanafunzi hutembea, mama hubeba ndoo na muuza maziwa huendesha baiskeli yenye madumu, huku magari yakiwapita kwa karibu. Jioni njia hiyohiyo hutumiwa na vijana wanaofanya mazoezi na wazee wanaonyoosha miguu. Inapoombwa ijengwe, jibu la kawaida huwa kwamba hakuna fedha. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ni nadra kukuta fungu lenye jina la njia ya baiskeli. Lakini yapo mafungu kadhaa, kila moja na sharti lake, yanayoweza kuichangia. Mara nyingi mwombaji hukosa kwa sababu amebisha mlango usiohusika, au amefika baada ya bajeti kupitishwa.

Chanzo cha kwanza ni barabara yenyewe. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Mfuko wa Barabara, unaotokana hasa na tozo ya mafuta, unatakiwa kisheria kuelekeza angalau asilimia 90 ya fedha zake kwenye matengenezo, na zisizozidi asilimia 10 kwenye maendeleo ya barabara. Kwa hiyo Mfuko huo ni mlango mwembamba kwa anayetaka njia mpya, lakini ni mpana kwa anayetaka njia iliyokwisha kujengwa itunzwe kama sehemu ya barabara. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA.

Wakati wa kuomba ni pale barabara inapochorwa. Njia ya pembeni ikiwamo katika mchoro, gharama yake huingia katika mkataba mmoja na mitaro na makaravati. Ikisahauliwa, hugeuka mradi mwingine unaoanza upya kutafuta fedha. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa tayari na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, kwa kuwa zilikuwa sehemu ya mradi huo tangu mwanzo.

Chanzo cha pili ni fedha za maendeleo zinazotokana na mapato ya ndani ya Halmashauri, pamoja na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha hizi zinafaa kwa kazi ndogo iliyokwisha kuibuliwa na wananchi: kivuko cha miguu juu ya korongo, vibao, au miti ya kivuli. Pale ambapo TASAF inaendesha ajira za muda, kusafisha njia na kuchimba mitaro ni kazi zinazoweza kupendekezwa, na mlipwaji akawa mkazi wa kijiji hichohicho.

Chanzo cha tatu ni wanaonufaika. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mmiliki wa leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa. Kata yenye mgodi iwe na ombi lililoandikwa kabla ya mpango huo kujadiliwa. Kwenye vilima na misitu, kama ilivyo Usambara, njia za matembezi zinaweza kuleta ada ya wageni na kipato kwa vijana waongozaji. Aidha, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haijengi njia, lakini inaweza kuwawezesha mafundi baiskeli watakaofanya kazi kando yake.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Sera ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya mwaka 2015 iliweka lengo la kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Marekani, sheria ya mwaka 1991 ilianzisha mpango wa njia za burudani unaopata fedha kutokana na kodi ya mafuta ya magari yanayotumika nje ya barabara kwa starehe. Katika mifano yote miwili, njia ilipata fedha pale ilipoandikwa katika sera au sheria, badala ya kusubiri salio la bajeti.

Inabaki kazi ambayo haihitaji mfadhili. Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji uipitishe njia hiyo na muhtasari uandikwe, ili iingie katika mpango wa fursa na vikwazo kwa maendeleo na kufika kwenye kamati ya kata mapema, mbali na tarehe 1 Julai mwaka wa fedha unapoanza. Pili, njia ipimwe na mipaka iwekwe alama, kwani kibanda au ukuta ukishajengwa juu yake, gharama ya kuifungua huweza kuzidi ya kuijenga. Tatu, kila ombi litaje nani atafyeka nyasi na kuzibua mitaro, na kwa fedha zipi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na njia ya miguu iliyoharibika humrudisha mtoto katikati ya magari.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mada inawasilishwa kwa majadiliano.