Vijana na Deni la Siri

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa tawi letu, Morogoro, katika mkutano wa Jumapili jioni)



Tumeombwa tuseme juu ya matatizo ya vijana. Maneno hayo yamezoeleka mno. Katika kila mkutano twasikia kwamba kijana hana kazi, kijana mvivu, kijana hasikii la mkubwa. Leo hatutayagusa yote. Tumechagua jambo moja, ambalo wengi wetu tunalo na hakuna anayelitaja, nalo ni deni.

Sisi tunaosema nanyi tumetoka chuo cha ualimu. Tulidhani tukishapata cheti tutashika chaki mara moja. Miaka imepita. Wengine wetu wanafundisha tuisheni katika vibaraza vya watu, wengine wanaendesha pikipiki pale Msamvu, wala hatuoni aibu kwa hilo. Basi msidhani tumekuja kuwahubiria. Kijiwe chenu ndicho chetu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu, na zaidi ya theluthi moja yao ni wa umri wa miaka 15 mpaka 35. Jeshi kubwa namna hii likifungwa kwa deni, nchi nzima imefungwa pamoja nalo.

Tazameni mkataba wa pikipiki. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku sita za juma, kwa majuma 60. Hizo ni shilingi 3,600,000, na mwishoni chombo ni cha kijana. Mwenye chombo ametoa fedha yake, nasi hatumwiti mnyang'anyi. Wengine ni shangazi zetu na walimu wetu waliostaafu. Lakini mkataba wenyewe u wapi? Mara nyingi ni karatasi moja tu, naye anakaa nayo yeye. Haisemi kijana akiugua itakuwaje, wala injini ikifa katika juma la 50 nani ataitengeneza. Hesabu ikikosekana siku tatu chombo kinachukuliwa, na majuma 50 ya jua na mvua yamekwenda na maji. Ndiyo sababu kijana huyu yu tayari kukopa popote, usiku wowote, ili asubuhi hesabu itimie.

Mwenzetu mmoja, mwalimu kama sisi, alikopa kwa simu juma moja la masika, abiria walipokuwa hawapatikani na tairi limepasuka. Aliomba shilingi 60,000. Zilizoingia ni 45,000, maana nyingine zilikatwa pale pale, naye akatakiwa kurudisha 60,000 zote baada ya siku saba. Siku ya nane ujumbe ulikwenda kwa kila jina lililokuwamo katika simu yake: kwa mkwewe, kwa mwalimu wake wa zamani, na kwetu sisi wa tawi. Ulimwita mwizi.

Hapa yatupasa tukiri. Sisi tulicheka. Ujumbe ule tuliutia katika kundi la tawi la WhatsApp, mmoja akaongeza mzaha, wengine wakamjibu kwa vicheko. Mwenzetu hakuonekana tena mkutanoni. Tulipokwenda kumtafuta Kihonda, juma la tatu, mwenye nyumba alituambia amehama usiku na kuacha godoro na vitabu vyake vya chuo. Mpaka leo simu yake haipatikani. Deni lililomtoa mjini lilikuwa halijafika shilingi laki moja. Katika kundi lile tulikuwamo watu 112. Kila mmoja angalitoa shilingi elfu moja tu, lingalikwisha siku ile ile na fedha zingalibaki.

Vitabu vile tunavyo. Tumevihifadhi katika ofisi ya tawi, na kila tunapofungua kabati tunaviona.

Ndugu zetu, aliyemkopesha alijua kwamba mtu wetu ataogopa aibu kuliko hasara. Aibu ndiyo dhamana waliyoishika. Sisi tuliocheka tuliwafanyia kazi yao, tena bila mshahara.

Kwa dada zetu mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Mama lishe akikopa kausha damu, mdai huja kukaa mlangoni tangu alfajiri, majirani wakitazama, na wako waliochukuliwa hata jiko na masufuria, yaani kile kile ambacho kingelipa deni. Habari za kubeti hatutazirefusha. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18, na wakubwa mnajua wenyewe. Tunasema hivi tu: mwenye deni la siri ndiye mteja mzuri kuliko wote wa kamari, kwa sababu anatafuta fedha ambayo haitaulizwa imetoka wapi.

Sasa tufanyeje? Kwanza tujue kwamba sheria ipo. Mikopo midogo ina sheria yake ya mwaka 2018, na mkopeshaji hana budi kuwa na leseni. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na kibali. Iko pia sheria ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi, na tume ya kupokea malalamiko. Majina ya simuni mwako si mali ya mtu mwingine kuyatangazia deni lako. Wangapi kati yetu tulilijua hilo siku ile tulipokuwa tukicheka?

Lakini sheria haitaleta tairi jipya. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikawa chama kikuu cha ushirika. Walitaka kuuza pamoja, kwa sababu mkulima mmoja mwenye gunia moja hupangiwa bei na mnunuzi. Kijana mmoja mwenye pikipiki ya mkataba ndiye mkulima yule.

Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga sehemu kumi katika mia ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Tunaidai halmashauri ibandike hadharani majina ya vikundi vilivyopata, na kiasi chake. Nasi tujidai wenyewe. Viko vikundi vilivyozaliwa wiki ya kuomba na kufa wiki ya kugawana. Kikundi cha namna hiyo kinawaibia vijana watakaokuja nyuma yetu.

Basi kamati ya vijana imeamua hivi. Tunaanza mfuko wa dharura, shilingi 1,000 kwa juma kwa kila mtu, daftari likisomwa mbele ya wote. Fedha hiyo ni ya tairi, dawa na hesabu iliyopungua, si ya sherehe. Tukikaa miezi sita bila kugombana tutakwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kusajiliwa. Na mtu yeyote atakayepeleka katika kundi la tawi ujumbe wa kumwaibisha mwenzake kwa deni ataitwa mbele ya kamati, hata akiwa kiongozi.

Jumamosi ijayo, saa kumi jioni, tutakaa hapa hapa chini ya mwembe. Mwenye mkataba wa pikipiki aje nao, na asiye na nakala amwombe tajiri wake kwa adabu. Mwenye deni la simu aje na simu yake. Wasioweza kusoma tutawasomea, mmoja mmoja, pembeni. Na kama yuko hapa anayejua alipo mwenzetu wa Kihonda, tafadhali amwambie vitabu vyake viko salama.