Dosie ya asili isiondoke mahali pake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za usuluhishi na wafanyakazi wa mashirika ya wenyeji, katika semina juu ya kutunza maandiko ya mapatano.)



Mmetuomba tuseme juu ya kuingiza dosie katika ordinatere. Wazee waliokaa hapa mbele tunawaomba wasitoke nje, maana habari hii si ya vijana peke yao. Tutaanza na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndio waliotufundisha.

Mnajua namna kiangazi kinavyokuwa kwetu Fizi. Majani yakikauka kule milimani, wafugaji wanashusha ng'ombe kuelekea Lulenge na Ngandja. Huko wanawakuta wakulima wenye mihogo shambani, na muhogo haungoji msimu mmoja kukomaa. Ndiyo maana mapatano yanaandikwa kabla ng'ombe hawajashuka: watapita njia gani, kuanzia tarehe gani, nani atalipa mazao yakiliwa, na itulo itatolewa kwa nani. Itulo, kwa wenzetu waliotoka mbali, ni ile haki ya malisho ambayo mfugaji anampa mwenye ardhi wa kimila. Ikidaiwa na watu wawili kwa ng'ombe wale wale, ugomvi umekwisha kuanza, na kwetu ugomvi haukawii kuwapata wenye bunduki.

Dosie ya mapatano kama hayo ina kurasa chache tu. Kuna maneno yenyewe, kuna orodha ya waliohudhuria pamoja na madole gumba ya wasioandika, na kuna ramani iliyochorwa kwa mkono, mara nyingi kwa kalamu ya risasi, mara nyingi nyuma ya karatasi kwa kuwa karatasi zilikwisha. Mtu wa mji akiiona atasema ni uchafu. Lakini kumbukeni sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Ilisema kwamba ardhi zinazokaliwa na jamaa za wenyeji ni mali ya dola, na kwamba haki zao juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa agizo la Rais. Miaka makumi ilipita bila agizo hilo kutolewa. Kwa hiyo mwanakijiji wetu, ambaye hana cheti cha ardhi, ana nini mkononi? Ana karatasi ile yenye dole.

Sasa tuwaambie kosa letu, na tunasema letu.

Tulipata skaneri na programu ya kuingiza maandiko yenyewe kwa yenyewe. Kazi yake ni hii: inachunga folda moja, na kila faili inayoingia humo inaisoma, inaifungulia mstari katika daftari la ordinatere na kuipa namba. Zamani tulichukua juma zima kuandika yale ambayo yeye aliyamaliza kwa mchana mmoja. Tulifurahi sana. Tulimwelekeza kwenye folda zetu zilizopangwa kijiji kwa kijiji, mwaka kwa mwaka, tukaenda kulala.

Hatukusoma mipango yake vizuri. Mahali palipotakiwa kuandikwa «nakili» paliandikwa «hamisha». Asubuhi folda za vijiji zilikuwa tupu. Faili zote zilikuwa upande mwingine, zimepewa namba kwa namba, bila jina la kijiji. Picha zilikuwa zimepunguzwa ukubwa ili zisijaze disiki. Na kuna jambo tuliloligundua baadaye sana: programu ilikuwa na amri ya kutupa kurasa tupu. Ukurasa wenye mistari hafifu ya kalamu ya risasi, bila neno lililopigwa chapa, kwake yeye ni ukurasa mtupu. Ramani ikatupwa.

Na karatasi zenyewe? Tulikuwa tumezitoa katika bahasha zake na kuzifunga katika makartoni kwa kufuata namba mpya, halafu ofisi ikahama kwa sababu ya usalama. Kartoni moja haikufika.

Kiangazi kilichofuata pande mbili zilikuja ofisini siku moja. Ng'ombe walikuwa wamesimamishwa karibu na kijito. Wakulima wanasema njia inapita juu ya kijito, wafugaji wanasema chini. Kila upande ulikuwa na amani moyoni kwamba ramani iko kwetu. Tukafungua ordinatere mbele yao. Tukaona maneno, tukaona madole, hatukuona ramani. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini: «Ni nani aliyeitoa?»

Ndugu, tulimweleza habari ya mashine. Alitusikiliza kwa heshima, na hakutuamini. Kwa nini aamini? Kwake, karatasi haina miguu. Kazi yetu ya miaka ilikuwa juu ya swali lile.

Kilichotuokoa ni mama mmoja, mwandishi wa kamati ya kijiji, ambaye alikuwa ameweka nakala yake ya karatasi ndani ya sanduku la nguo. Vijana walitembea siku mbili, kwenda na kurudi. Ramani ilipofika haikumpa mtu ushindi wote: njia ilipita juu ya kijito hadi kwenye mti mkubwa, kisha ikavuka na kushuka. Pande zote mbili zilicheka kidogo, na ng'ombe wakapita. Lakini siku mbili zile hatukulala.

Tangu hapo programu haina ruhusa ya kugusa asili. Folda ya asili imefungwa, yaani inasomwa tu. Hakuna kuandika, kufuta wala kubadilisha jina. Programu inachukua nakala na kufanyia kazi nakala. Katika daftari, kila mstari unaonyesha asili inakaa wapi: folda gani, bahasha gani, kartoni gani. Amri ya kutupa kurasa tupu tumeizima. Kabla ya kuingiza na baada ya kuingiza tunaiomba ordinatere itoe «dole» la kila faili, yaani namba ndefu inayopatikana kwa kuhesabu yote yaliyomo. Nukta moja ikibadilika, namba inabadilika. Wazee waliposikia hili ndilo walilolielewa upesi kuliko sisi. Na umeme, mnaujua wenyewe. Kuhamisha faili kutoka disiki moja kwenda nyingine ni kunakili kwanza na kufuta baadaye. Umeme ukikatika katikati, na programu ikiwa mbovu, unaweza kubaki na nusu ya faili.

Wengine wanatuuliza habari ya gharama, kwamba tunatunza kitu kimoja mara mbili. Ukurasa mmoja ni kama megabaiti moja hivi. Dosie elfu moja zenye kurasa kumi kumi ni gigabaiti kumi, zinaenea katika fleshi moja ya mfukoni.

Swali gumu ni lingine. Volkeno ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, haikuchagua karatasi wala ordinatere. Na mwaka 2025, Goma ilipotekwa mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, sisi tulijiuliza: orodha hii ya majina na madole, akiikuta mtu mbaya, si hatari kwa wenyewe? Ni kweli. Kuna siku dosie italazimika kuhamishwa, hata kuchomwa. Lakini siku hiyo waamue watu, waandike tarehe na sababu, na pande zote mbili ziambiwe. Isiamuliwe na programu usiku, watu wakiwa wamelala.

Baada ya chakula tutawasha skaneri. Aliyekuja na dosie asitoe pini wala kubadilisha mpangilio wa kurasa kabla hatujazihesabu naye na kuandika hesabu juu ya bahasha. Na tafadhali geuzeni kila karatasi muangalie nyuma.