Boma Bila Bati



Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akiwarudisha kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye yale majabali, safari ikaishia hapo, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, wakaivamia Masasi, na Padri Chauncy Maples akahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Matola hakuwa na nyumba za kugawa. Aliwapa mahali, pamoja na majirani.

Leo asiye na makazi kwetu halali barazani mwa duka. Analala jikoni kwa dada yake, au ndani ya nyumba yake mwenyewe ambayo nyasi zimeoza, na masika akihamisha mkeka kutoka kona hii kwenda ile. Kwa hiyo hatumhesabu.

Lakini tembea Newala uone maboma. Kuta zimesimama, mpapai umeota sebuleni. Udongo ni wetu, na tofali tunachoma wenyewe. Bati ndilo linalotaka fedha taslimu, tena nyingi kwa mara moja. Mgeni atauliza: mbona hamuezeki nyasi? Aulize akiwa amepanda mteremko wa Newala na ndoo kichwani. Mchanga wa uwanda wa juu hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini, bondeni. Bati lenye mfereji na pipa ni kisima cha mlangoni. Anayesubiri bati miaka minne si mzembe. Anasubiri na maji.

Wengine bati lao huliwa likiwa bado ua la mkorosho. Mahitaji ya shule yakibana mwezi Julai, mjane humwendea mtu wa kangomba, na korosho zinauzwa kwa bei ya kutupa kabla hazijaanguka.

Shirika la Nyumba la Taifa tunalo tangu 1962, ila nyumba ya kununua humtaka mwenye mshahara au mkopo wa benki. Mimi natazama ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho. Iwe chini ya chama kikuu cha TANECU au cha MAMCU, hapo kila kilo hupimwa na makato hukatwa. Napendekeza shilingi chache kwa kilo, zipigiwe kura na wanachama, za kupaulia maboma ya wajane na wazee. Nani aanze? Balozi wa nyumba kumi anawajua wote.

Nasikia mnacheka huko nyuma. Makato yamezidi, ni kweli, na mengine mkulima hajawahi kuona yalikokwenda. Basi majina na idadi ya bati vibandikwe mlangoni mwa ghala, kila mtu asome.

Na kiwanja kiandikwe jina la mama, kwa hati ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao tulihesabu ukoo kwa mama. Ilipokuja mikorosho, wanaume tukajifunza hesabu nyingine. Tusimpaulie mama nyumba ambayo shemeji ataiuza.

Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, mvua huanza kushika Desemba. Tuanze na kitongoji kimoja, tuhesabu maboma yake mwezi huu.