Sina Mtu wa Kuniwekea Nafasi

Mazungumzo ya redioni. Somo: Yohana 5:1–9

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amekutana nalo, yaani kiti cha safari. Nani akipate kiti hicho? Akipate kwa njia gani? Na je, njia hiyo ni ya haki mbele za Mungu?

Labda mtu atauliza, "Kiti cha gari kina uhusiano gani na Injili?" Ndugu yangu, vuta subira kidogo. Mara nyingi moyo wa mwanadamu hujulikana zaidi mahali ambapo kitu ni kidogo na wanaokihitaji ni wengi.

Nakuru yetu ni mji wa watu waliotoka pande zote. Reli ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, Nakuru ilikuwa imekwisha kupata stesheni yake, na tangu siku hizo watu wamekuwa wakishuka hapa, wakitafuta kazi, wakijenga, wakizaa watoto. Lakini wengi wana kwao kwingine. Basi ifikapo Desemba, shule zikiwa zimefungwa na kazi zimesimama, kila mtu hukumbuka wazazi wake. Wengine huenda Kakamega na Busia, wengine Kisumu na Kisii, wengine Nyeri na Murang'a. Steji hujaa, na nauli hupanda.

Hapo steji utaona watu wa namna mbili. Wako wanaofika wakiwa hawana haraka, wakataja majina yao na kupanda. Hao waliweka nafasi mapema na kulipa kwa simu. Na wako waliofika alfajiri na mizigo yao, nao huambiwa gari limejaa, ingawa kwa macho yao wanaona viti vitupu. Viti hivyo vina wenyewe ambao bado wako nyumbani wakinywa chai.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Kuweka nafasi mapema si dhambi. Hebu tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Gari likiingia, vijana walipenyeza mizigo madirishani, wenye viwiko vikali wakatangulia, na akina mama wenye watoto mgongoni wakabaki nyuma. Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe," na steji ndiyo ilikuwa sheria. Tena gari halikujaa kamwe, kwa maana sikuzote makanga aliweza kumbana mtu mmoja zaidi. Ndipo Februari 2004, wakati Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, serikali ikaanza kutekeleza masharti mapya: kila abiria awe na kiti chake na mkanda wake. Masharti hayo yalikuwa mema kwa usalama wa abiria. Lakini tangu hapo kiti kikawa kitu cha kuhesabiwa. Matatu ya viti 14 ikishapata watu 14, wa kumi na tano hana lake. Kwa hiyo swali la nani apate kiti likawa zito kuliko zamani.

Kuweka nafasi kumemsaidia mama mjamzito asisimame saa nne katika baridi. Kumemsaidia mzee asisukumwe. Kumemwezesha mfanyakazi kufika kazini Jumatatu bila wasiwasi. Haya yote ni mema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini kuna neno moja ambalo hatupaswi kulisahau. Kuweka nafasi hakuongezi kiti hata kimoja. Viti ni vile vile. Kinachobadilika ni kwamba mzigo wa kungoja huondolewa kwa mtu mmoja na kuwekwa juu ya mwingine.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Florida, nchini Marekani, ziko bustani kubwa za michezo za Disney, ambako familia hupanga foleni ndefu ili watoto wapande vyombo vya kuchezea. Mwaka 1999 bustani hizo zilianza mpango ulioitwa FastPass. Mgeni alipewa saa yake ya kurudi, bila kulipa zaidi, akaenda kutembea badala ya kusimama. Watu wengi waliufurahia. Lakini wale wasiokuwa na saa yao waliona foleni yao ikisimama wakati wengine wanapita kando yao. Mwaka 2021 mpango huo uliondolewa, ukaja mwingine ambao mtu hulipa fedha zaidi ili apite haraka. Basi watoto wawili waliolipiwa kiingilio katika mlango ule ule, mmoja hupita na mwingine husimama, kwa sababu ya mfuko wa baba.

Kwetu hapa Kenya, treni ya Madaraka Express ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 700 mwanzoni. Baadaye ikawa 1,000, na tangu Januari 2024 ikawa 1,500. Hata hivyo, wakati wa sikukuu fedha mkononi peke yake haitoshi. Yakupasa ujue siku ya kutafuta tikiti, uwe na simu, na uwe umekwisha kupata fedha hizo siku nyingi kabla ya safari. Sasa fikirini juu ya kibarua anayelipwa kila jioni. Fedha za safari ya tarehe 23 huzipata tarehe 22. Hakuchelewa kwa uvivu. Alichelewa kwa sababu riziki yake huja kwa siku.

Tena kuna safari ambazo hazipangwi. Mauti haipigi simu wiki moja kabla. Mtoto hapatwi na homa kwa ratiba. Mtu akipata habari usiku kwamba mama yake amefariki huko Mumias, asubuhi atakuwa steji, naye hana nafasi. Mwenye shida kubwa kuliko wote ndiye asiyeweza kabisa kuweka nafasi mapema.

Basi, wapenzi wasikilizaji, tufungue Biblia zetu katika Injili ya Yohana, mlango wa 5. Hapo tunaona birika lililoitwa Bethzatha, huko Yerusalemu. Palikuwa na matao matano, na chini yake walilala wagonjwa wengi, vipofu, viwete na waliopooza, wakingoja maji yatibuliwe. Yule wa kwanza kuingia majini ndiye aliyetumaini kupona. Mtu mmoja alikuwa hawezi kwa muda wa miaka 38. Bwana Yesu alipomwuliza kama anataka kuwa mzima, yule mtu hakujibu ndiyo wala siyo. Alieleza shida yake: hana mtu wa kumtia birikani, na kila ajaribupo, mwingine humtangulia.

Tazameni jambo hili kwa makini. Kanuni ya birika lile ilikuwa moja kwa wote. Hapakuwa na bawabu wa kumzuia maskini. Hakuna aliyetozwa fedha. Aliyewahi ndiye aliyepata. Kwa maandishi, hakuna kanuni iliyo sawa kuliko hiyo. Lakini ni nani aliyewahi? Aliyewahi ni yule mwenye miguu yenye nafuu, au mwenye ndugu wa kumbeba. Mgonjwa zaidi ndiye aliyechelewa zaidi. Kanuni moja iliyowekwa juu ya watu wasiolingana ilimpa mwenye nafuu na kumnyima mwenye dhiki, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwamba imevunjwa.

Hapo ndipo tunapojifunza kitu. Kila njia ya kugawa kitu kilicho kidogo ina mtu inayempendelea. Msukumano humpendelea mwenye nguvu. Foleni humpendelea mwenye muda. Bei humpendelea mwenye fedha. Kuweka nafasi humpendelea mwenye habari na mwenye simu. Hatutapata duniani njia isiyomsahau mtu yeyote. Kwa hiyo Mkristo hatosheki kuuliza, "Je, kanuni imefuatwa?" Huuliza pia, "Ni nani aliyebaki nje, na ni nani aliyemwona?"

Bwana wetu alimwona. Katika umati ule wa wagonjwa alimwendea yule asiyekuwa na mtu. Wala hakumsukuma mgonjwa mwingine ili ampatie huyu nafasi. Hakumbeba akamtanguliza mbele ya wenzake. Alimwambia asimame, ajitwike godoro lake, aende. Neema ya Mungu haimnyang'anyi mmoja ili impe mwingine. Katika ufalme wake viti havipungui.

Lakini sisi bado tunaishi katika dunia ambayo viti hupungua. Tufanye nini basi?

Kwanza, ninyi wenye magari, na ninyi mnaokaa kaunta mkikata tikiti. Msiuze viti vyote mapema. Bakizeni viti viwili au vitatu kwa wale watakaofika siku ile ile na shida zao. Vikikosa wenye shida, mtaviuza kwa yeyote dakika za mwisho, na hasara haitakuwa kubwa. Na nauli mliyoitangaza asubuhi, isibadilike kwa sababu mmeona machozi ya mfiwa. Mtu aliyefiwa hana nguvu ya kubishana juu ya bei, na kwa sababu hiyo imewapasa kumhurumia.

Pili, sisi wasafiri. Tusishike viti ambavyo hatuvihitaji. Wako watu wanaoweka nafasi katika magari mawili ili wachague asubuhi lipi litatangulia. Kiti kimoja kitaenda kitupu, au mtu atakalia godoro lake steji mpaka jioni. Ukijua kwamba husafiri, sema mapema. Na wale wanaonunua tikiti nyingi ili wawauzie wenzao kwa bei ya juu, hao ni walanguzi, hata wakiimba kwaya. Wanakula haja ya jirani yao.

Tatu, na hili ndilo tunalotaka mlikumbuke zaidi. Yule mtu wa Bethzatha hakusema kwamba hana fedha wala kwamba hana haki. Alisema kwamba hana mtu. Ndugu zangu, wewe unaweza kuwa mtu huyo. Kijana, simu yako inaweza kumtafutia kiti nyanya wa jirani ambaye hajui kusoma ujumbe. Ni kazi ya dakika tano. Mwajiri, mlipe kijakazi wako mapema mwezi wa Desemba ili naye aweze kupanga safari yake kama wewe unavyopanga yako. Na wewe uliyeketi tayari katika kiti chako, ukimwona mtu aliyepata habari ya msiba, je, safari yako haiwezi kungoja gari linalofuata? Hatukulazimishi. Tunakuuliza tu.

Nne, kanisa lenyewe. Mtume Yakobo, katika mlango wa 2 wa waraka wake, aliwakemea Wakristo waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri, na maskini wakamwambia asimame kando. Tujiulize kama viti vya mbele kanisani vina majina yasiyoandikwa. Tujiulize kama anayepata kuonana na mchungaji ni yule tu mwenye namba yake ya simu. Naye Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 11, aliona watu wakikutana kwa chakula cha Bwana, huku wengine wakitangulia kula na kushiba, na wengine wakibaki na njaa. Dawa aliyowapa ni fupi: wangojane.

Kungojana! Hilo ndilo tunalolitenda kila tunapokaribia Meza ya Bwana. Hapo hakuna aliyeweka nafasi. Mwenye shamba na mchunga ng'ombe wake hupiga magoti bega kwa bega, mikono yote ikiwa mitupu, na mkate unaomfikia wa kwanza ndio unaomfikia wa mwisho. Mtu aliyepiga magoti hivyo Jumapili hawezi Jumatatu kufika steji na kusema, "Kila mtu ajitegemee." Akisema hivyo, hakuelewa alichokula.

Na kwako wewe uliye msikilizaji wetu leo ukiwa umebaki nyuma, si steji tu bali maishani, ukiona wengine wakikutangulia kila mara katika kazi, katika shule za watoto, katika matibabu: usidhani kwamba Mungu hutazama walio mbele ya foleni peke yao. Wahenga wetu walisema, "Kutangulia si kufika." Yule Bwana aliyepita katikati ya matao matano akamwona mtu wa miaka 38, hata leo anapita.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, Baba wa wote, wewe huna upendeleo. Uwalinde wasafiri wote katika barabara zetu. Uwape wenye magari moyo wa haki. Utufumbue macho tumwone yule asiyekuwa na mtu, na utufanye sisi tuwe mtu wake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.